Miwani ya Uhalisia Pepe kwa Nyumba ya Mara: Picha Iwe Swali la Mwisho

Miwani ya uhalisia pepe inaingia mkoani Mara kwa njia zilezile zilizoleta PlayStation na simu janja: kwenye begi la ndugu aliyetoka Dubai, kwenye maduka ya Kariakoo na Mwanza, au kutoka Nairobi kupitia mpaka wa Sirari. Aliyeijaribu mara moja hutamani kuwa nayo nyumbani, na swali linalofuata ni moja: anunue ipi? Ushauri mwingi uliopo umeandikwa kwa ajili ya mtu mwenye umeme wa uhakika, intaneti isiyohesabiwa, chumba kisicho na vitu vingi na duka la kampuni karibu naye. Familia ya Kabasa, ya Nyasho au ya Butiama mara nyingi haina yote hayo kwa pamoja. Ikifuata ushauri huo inaweza kutoa zaidi ya shilingi milioni moja kwa kifaa kitakachoishia juu ya kabati.

Msimamo wangu ni kwamba kwa nyumba za huku ubora wa picha uulizwe mwisho. Yatangulie maswali mengine: kitawaka umeme ukikatika? Bando la nyumba litakibeba? Mtengenezaji bado anakihudumia? Vichwa vyote vya nyumbani vinaweza kukivaa? Kinachofaulu maswali hayo ndicho kilinganishwe kwa picha na bei.

Makundi matatu sokoni

Kundi la kwanza ni makasha ya kutumbukiza simu. Google ilileta Cardboard mwaka 2014, kasha la karatasi ngumu lenye lenzi mbili, na Samsung ikaleta Gear VR kwa wanunuzi mwaka 2015. Njia hiyo imeachwa na wenyewe. Samsung ilifunga huduma zake za VR mwaka 2020, na Google ikaacha kuuza Cardboard mwaka 2021. Makasha ya plastiki ya aina hiyo bado yamejaa madukani kwa bei ndogo, na mnunuzi asiyejua huambiwa kwamba hiyo nayo ni VR. Kasha linahitaji simu yenye jairoskopu, yaani kihisi kinachotambua kichwa kimegeukia wapi, na simu nyingi za bei nafuu hazina kihisi hicho. Hata simu ikiwa nacho, kinachosomwa ni kugeuka kwa kichwa tu. Ukiinama au ukipiga hatua mbele, picha haikufuati, na tofauti hiyo kati ya macho na mwili ndiyo inayoleta kichefuchefu baada ya muda mfupi. Kwa matumizi ya nyumbani kasha halifai, hata likiuzwa kwa bei ya kutupa.

Kundi la pili ni miwani inayotegemea mashine nyingine. PlayStation VR2 ya Sony, iliyotoka Februari 2023 kwa dola 550, huhitaji PS5, au kompyuta yenye nguvu kupitia adapta ya Sony, na huunganishwa nayo kwa waya. Valve Index ya mwaka 2019 inahitaji kompyuta yenye kadi ya grafiki yenye nguvu. Picha za kundi hili ni nzuri na gemu zake ni kubwa, lakini anayenunua ananunua mashine mbili.

Kundi la tatu ni miwani inayojitegemea: kompyuta, betri, spika na kamera zote ziko ndani yake. Kundi hili lilipata nguvu mwaka 2019 ilipotoka Oculus Quest. Ikafuata Quest 2 mwaka 2020, Quest 3 mwaka 2023 na Quest 3S mwaka 2024, zote za kampuni ya Meta. Zipo nyingine, kama Pico 4 ya mwaka 2022, na juu kabisa ipo Apple Vision Pro, iliyoanza kuuzwa Februari 2024 kwa dola 3,499. Kwa hesabu ya shilingi 2,500 kwa dola, hiyo ni zaidi ya shilingi milioni 8.7 kabla ya kodi na usafiri, kwa hiyo sitairudia.

Umeme

Hapa ndipo kundi la tatu linapoliacha mbali kundi la pili. Betri ya Quest 3 ni ya takriban mAh 5,000, sawa na ya simu nyingi za leo. Hudumu saa mbili na kidogo za matumizi mfululizo. Pawa benki nzuri ya mAh 20,000 inaweza kuijaza zaidi ya mara mbili, na unaweza kuendelea kucheza pawa benki ikiwa mfukoni. Nyumba yenye sola ndogo ya kuchajia simu na kuwasha taa tayari ina umeme wa kutosha kwa miwani hii.

PS5 ni habari nyingine. Yenyewe pamoja na televisheni hula wati mia mbili au zaidi gemu nzito ikiendelea. Umeme ukikatika mashine huzima papo hapo, na ukirudi kwa kishindo unaweza kuiunguza. Mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, ilianza kuingiza umeme kwenye gridi mwaka 2024, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini umeme kuwa mwingi kwenye gridi hakuizuii nguzo kuanguka wakati wa mvua wala transfoma ya mtaa kuungua. Anayetaka PS VR2 ahesabu pia gharama ya inveta au angalau kidhibiti umeme kizuri.

Jambo dogo linalosahaulika: pedi za Quest 2, Quest 3 na Quest 3S hutumia betri moja ya AA kila moja. Betri za bei ya chini kabisa huisha haraka na zikivuja huharibu pedi. Nunua nne za kuchaji pamoja na chaja yake, mbili zikitumika mbili zinangoja.

Bando, akaunti na malipo

Miwani inayojitegemea haiwaki kwa kubonyeza tu. Siku ya kwanza inadai simu yenye programu ya Meta Horizon, akaunti ya Meta, na masasisho ambayo peke yake yanaweza kupita GB moja. Kisha zinakuja gemu. Zipo zisizofika GB moja, na ipo Asgard's Wrath 2 inayozidi GB 30. Video za nyuzi 360 zenye ubora wa kutosha kuonekana vizuri ndani ya lenzi hula GB kadhaa kwa saa. Kwa nyumba inayonunua bando la siku au la wiki, hili ni tatizo kubwa kuliko bei ya kifaa, kwa sababu kifaa hununuliwa mara moja na bando halina mwisho.

Lakini kuna nafuu. Gemu nyingi za mchezaji mmoja zikishapakuliwa huchezwa bila intaneti. Kwa hiyo nyumba yenye bando dogo ichague gemu chache zinazorudiwa bila kuchosha, kama Beat Saber au za ngumi na mazoezi, izipakue usiku bando likiwa nafuu au mahali penye Wi-Fi ya kuaminika, kisha izitumie kwa miezi. Anayewazia kutazama video za mtandaoni kila jioni afanye kwanza hesabu ya bando la mwezi mzima, ndipo aulize bei ya miwani.

Malipo ya gemu hufanyika kwa kadi ya Visa au Mastercard. Kadi ya benki iliyofunguliwa kwa matumizi ya mtandaoni inatosha. Hakikisha hilo mapema, kwa sababu miwani isiyoweza kununua gemu hubaki na vionjo vya bure tu.

Vifaa vilivyoachwa na wenyewe

Mtumba wa miwani una hatari ambayo mtumba wa televisheni hauna. Televisheni ya zamani huendelea kuonyesha. Miwani huishi kwa programu, na kampuni ikiiacha huanza kufa hata kama kioo chake ni kizima. Oculus Go iliondolewa sokoni mwaka 2020. Quest ya kwanza ilifikia mwisho wa masasisho ya usalama mwaka 2024. Microsoft iliondoa mfumo wa Windows Mixed Reality katika toleo la Windows 11 la mwaka 2024, na miwani iliyoujengea matumaini yake, ikiwemo HP Reverb G2 iliyokuwa ghali, ikapoteza msingi wake kwa kila aliyesasisha kompyuta. Vifaa hivi sasa huuzwa kwa bei ya kuvutia, na sababu ya bei hiyo muuzaji haisemi. Quest 2 bado inatumika, lakini watengenezaji wa gemu mpya wameanza kuiruka, hivyo bei yake iwe ndogo kweli kulinganisha na ya 3S.

Ukienda kuiona ya mtumba, usikubali kuonyeshwa ikiwa mezani tu. Iwashe. Angalia kama inafunguka kwenye akaunti ya mwenye nayo. Ikiwa bado imefungwa kwa akaunti ya mtu asiyepatikana, achana nayo. Mwombe muuzaji aifute yote mbele yako, kisha uiunganishe na simu yako mwenyewe kabla ya kutoa hela. Ivae uangalie ukuta mweupe ndani ya menyu: doa jeusi au la njano linalobaki palepale unapogeuza kichwa ni alama ya kuungua kwa jua. Tikisa kijiti cha kila pedi, kisha kiachie. Picha ikiendelea kusogea yenyewe, kijiti kimechoka. Mwisho ikae ikiwaka nusu saa uone chaji imeshuka kiasi gani. Muuzaji anayekataa hatua hizi amekujibu tayari.

Macho, kichwa na jasho

Nyumba zetu ni za watu wengi, na miwani huvaliwa na mmoja kwa wakati. Kwa hiyo ipimwe kwa vichwa vyote vya nyumba, si kwa cha mnunuzi peke yake.

La kwanza ni umbali kati ya mboni za macho. Mwombe mtu aweke rula kwenye paji la uso wako ukiwa unatazama mbali, asome milimita kutoka katikati ya mboni moja hadi nyingine. Quest 2 na Quest 3S zina nafasi tatu tu za lenzi: milimita 58, 63 na 68. Quest 3 ina gurudumu dogo la kusogeza lenzi taratibu mpaka picha itulie. Baba, mama na kijana wa miaka 14 mara nyingi hawana kipimo kimoja, na anayetazama kupitia lenzi zisizomkaa huumwa kichwa akadhani VR haimfai.

La pili ni lenzi zenyewe. Quest 3S imebaki na lenzi za aina ya Fresnel na kioo cha pikseli 1832 kwa 1920 kwa kila jicho, sawa na Quest 2. Picha ni safi katikati na hufifia pembeni. Quest 3 ina lenzi nyembamba za kisasa na pikseli 2064 kwa 2208, kwa hiyo maandishi husomeka karibu kioo kizima. Kwa gemu za kurukaruka tofauti hiyo husahaulika. Kwa kusoma au kutazama filamu ndefu inaonekana sana.

La tatu ni nywele na vazi. Mkanda wa kitambaa unaokuja na Quest hupita katikati ya utosi, na mwenye misuko minene, rasta au hijabu hupata shida kuukaza bila kuumia. Mkanda mgumu wa kuzunguka kisogo, unaouzwa kando, hutatua hilo na huondoa uzito usoni. Si anasa, kwa sababu Quest 3 ina gramu 515 na zote huelemea mbele.

La nne ni usafi. Januari 2024 ugonjwa wa macho mekundu ulisambaa nchini hadi Wizara ya Afya ikatoa tahadhari. Kifaa kinachobana sponji usoni na kupokezanwa na watu watano kwa jioni moja ni njia nyepesi ya kuambukizana. Weka kifuniko cha silikoni, ukifute kila anapobadilika mvaaji, na mwenye macho mekundu akae pembeni hadi apone. Lenzi zifutwe kwa kitambaa kikavu cha miwani. Spiriti huziharibu.

Sebule, bati na jua

Kucheza kwa kutembea kunahitaji uwazi wa takriban mita mbili kwa mbili. Sebule nyingi zimejaa seti ya sofa, meza ya kioo na kabati la vyombo. Pima kwa hatua zako, uone kama meza ikisogezwa panatosha. Pasipotosha, chagua gemu za kukaa au kusimama mahali pamoja, zipo nyingi. Wasiocheza wakae nyuma ya mstari, hasa watoto wadogo, maana aliyevaa hawaoni na mkono wake hutupwa kwa nguvu.

Kishawishi cha kutoka nje uani, penye nafasi, ni kikubwa. Usikubali. Lenzi za miwani hukusanya miale ya jua na kuielekeza kwenye kioo cha ndani, na dakika chache zinatosha kukichoma moja kwa moja. Ajali hii haihitaji kucheza nje. Miwani iliyowekwa dirishani lenzi zikitazama juu, au iliyosahauliwa kwenye kiti cha gari stendi ya Bunda saa saba mchana, huungua vilevile. Joto nalo lina mpaka wake: vifaa hivi havikukusudiwa kutumika juu ya nyuzi 35, na nyumba ya bati isiyo na dari hupita hapo kiangazi. Tumia jioni, na uihifadhi kwenye mfuko wenye zipu, mbali na vumbi.

Giza pia ni tatizo. Kamera za miwani hutambua chumba kwa mwanga, na taa zikizimika ghafla hupotea njia. Quest 3S imewekewa taa za infraredi zinazoisaidia kuona penye mwanga hafifu, na kwa nyumba zetu sifa hiyo ina thamani kuliko wengi wanavyodhani.

Watoto na siri za nyumba

Meta inaruhusu akaunti ya mtoto kuanzia miaka 10, ikisimamiwa na mzazi. Sony inasema PS VR2 ni kuanzia miaka 12. Mipaka hiyo iheshimiwe, na hata aliyeifikia apumzike kila nusu saa. Mwenye historia ya kifafa, mtoto au mtu mzima, aongee na daktari kabla ya kuvaa, kwa sababu watengenezaji wenyewe wanaonya kwamba mwanga unaometameta unaweza kuamsha degedege. Kizunguzungu kikianza, vua mara moja. Kujikaza hakukuzoeshi, hukifanya kirudi haraka kesho yake.

Mzazi ajue pia kwamba kamera za kifaa hiki husoma ramani ya chumba na mienendo ya mwili. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilianza kutumika nchini Mei 2023, lakini kinga ya kwanza ni mipangilio ya faragha. Ipitie siku ya kwanza, na ufunge mazungumzo na watu wasiojulikana kwenye akaunti ya mtoto.

Itatumika kwa nini?

Shauku ya wiki ya kwanza hudanganya. Baada ya mwezi, miwani hubaki hai pale tu penye kazi inayoeleweka. Nyumbani kazi hizo ni nne: mazoezi ya mwili, gemu, filamu, na kuona mahali ambapo mtu hawezi kufika. Mazoezi ndiyo yanayodumu, maana hayakinaishi, yakishapakuliwa hayahitaji bando na nusu saa hutoa jasho la kweli.

Ya nne ndiyo inayoniuma. Mwaka 2018 Conservation International ilitoa filamu ya VR iitwayo My Africa, inayompeleka mtazamaji kwa wahifadhi wa tembo wa Reteti, Samburu, kwa sauti ya Lupita Nyong'o. Nairobi ina BlackRhino VR, Dar es Salaam ina OnaStories, na kazi zao zinathibitisha kwamba ufundi upo kwetu. Lakini mtoto wa Bunda, anayekaa karibu na geti la Ndabaka la Serengeti na pengine hajawahi kulivuka, akivaa miwani leo atakutana zaidi na maktaba iliyotengenezwa ng'ambo, kwa Kiingereza. Mwitongo, alipozikwa Mwalimu Nyerere, na muziki wa litungu, ala ya nyuzi ya huku, vinastahili kurekodiwa kwa nyuzi 360 kwa Kiswahili. Mpaka hilo lifanyike kwa wingi, anayenunua kwa ajili ya masomo ya watoto apunguze matarajio: atapata anga, mwili wa binadamu na miji ya mbali, hatapata mtaala wetu.

Bei, na uamuzi

Quest 3S ilitoka kwa dola 299 na Quest 3 kwa dola 499. Kwa hesabu ileile ya shilingi 2,500, hiyo ilikuwa takriban shilingi 750,000 na 1,250,000 huko zilikouzwa. Ongeza usafiri, faida ya muuzaji, VAT ya asilimia 18 na ushuru wa forodha. Anayevusha Sirari alipie TRA na atunze risiti. Dhamana ya kampuni mara chache hukufuata mpaka Musoma, kwa hiyo muuzaji anayekupa hata miezi mitatu ya kurudisha ana thamani kuliko anayepunguza elfu hamsini. Kisha tenga robo ya bajeti kwa mkanda mgumu, silikoni, betri za kuchaji, pawa benki na gemu mbili au tatu. Bila hivyo utakuwa umenunua nusu ya kifaa.

Kwa mizani hiyo, nyumba ya watu wengi inayoanza inunue Quest 3S. Inavumilia umeme wa kukatika na mwanga hafifu, bado inahudumiwa, na picha yake inatosha kwa mazoezi na gemu. Anayesoma sana, anayetazama filamu ndefu, au mwenye familia yenye vipimo vya macho vinavyotofautiana sana, aongeze fedha afikie Quest 3. Mwenye PS5 tayari, inveta na mapenzi ya gemu za kukaa kama mbio za magari za Gran Turismo 7, PS VR2 itamridhisha. Quest 2 ya mtumba ichukuliwe tu ikifaulu majaribio yote niliyoyataja na bei yake ikiwa ndogo waziwazi.

Na mwenye laki mbili mkononi asinunue kasha la simu kujipoza. Atafute sehemu ya kucheza kwa kulipia Mwanza, Dar es Salaam au Nairobi, avae aina mbili tofauti, ajue macho na tumbo lake vinasemaje. Au familia tatu za ukoo mmoja zichange, kifaa kikae kwa mwenye sebule kubwa na umeme wa uhakika zaidi. Anayengoja mwaka mmoja akijiwekea akiba hapotezi kitu, na siku ya kununua atakuwa anajua nyumba yake inahitaji nini.